Wasioandikwa Kwenye Rejista

Ofisini walimwita Bi Kalamu, na jina lilimpendeza. Alikuwa mratibu wa uzazi wa mpango wa wilaya nzima, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye kilemba tangu asubuhi hadi anapofunga ofisi. Kila mwaka alipitia rejista za zahanati zote, akaamua ipi ipelekewe sindano na vipandikizi na ipi ikose. Isiyofikisha wateja mia ilipigwa mstari. Aliwahi kusema kikaoni, mbele ya wakubwa, kwamba takwimu hazina shangazi wala mjomba, wakampigia makofi. Makofi yale yalimlevya, tusifichane.

Mwaka huo zahanati ya kijijini kwao ilileta wateja thelathini na wanane.

Sasa hapo ndipo penye uchungu, maana namba ile haikuwa kweli na yeye alijua. Kabla hajapewa meza alikuwa muuguzi kwenye zahanati hiyohiyo. Siku moja mwanamume aliingia, akafunua rejista iliyoachwa mezani, akakuta jina la mkewe kwenye orodha ya sindano. Mke huyo aliletwa jioni kushonwa mdomo. Tangu siku ile Bi Kalamu akaweka utaratibu: mwanamke anayekuja kwa kificho haandikwi popote. Anakuja siku ya kupima uzito wa watoto, anapitia mlango wa nyuma, anachomwa, anatajiwa tarehe ya kurudi, basi. Alipohamishwa alimwachia utaratibu huo muuguzi aliyemlea kikazi, na yule akaushika kama amana.

Barua ya kuarifu kwamba huduma itafungwa ilipomfikia, muuguzi alipiga simu.

"Dada, unatuondolea kweli? Unajua wasioandikwa ni wengi kuliko walioandikwa."

"Nikaseme nini kikaoni? Kwamba nimewaota?"

"Hesabu dozi zilizotumika. Ni zaidi ya mia tano."

"Dozi zisizo na majina kwenye vitabu vyangu ni dozi zilizoibwa. Nikuandike hivyo?"

Muuguzi akasema polepole, "Ni wewe uliyenifundisha, dada."

"Nilikufundisha kuuguza. Kupanga hukunisikia nikikufundisha." Akakata simu, akaendelea na chai yake.

Wiki iliyofuata mdogo wake wa tumbo moja alimfuata ofisini, kwa kisingizio cha kumleta binti yake wa mwisho kwa daktari wa macho. Alikuwa na mabinti wanne, wawili wa mwisho kwa upasuaji. Daktari alishamwambia wazi kwamba mimba ya tano itaondoka naye. Mumewe alimjibu daktari kwamba madaktari nao hukosea, na kwamba yeye bado anasubiri wa kiume.

"Umekonda," Bi Kalamu akamtania. "Au shemeji siku hizi anakulisha maneno matupu?"

Mdogo mtu hakucheka. "Dada, mimi ni mmoja wa wale. Miaka mitatu sasa napita mlango wa nyuma. Tarehe yangu ni mwezi ujao."

Bi Kalamu alishtuka, na kwa muda kidogo alikuwa dada mtu tena. "Basi njoo kwangu. Nitakuchoma mwenyewe."

"Nitaaga naenda wapi? Kwako naruhusiwa kuja kukiwa na msiba tu. Leo yenyewe ni kwa sababu ya macho ya mtoto. Rudisha huduma, dada. Nakuomba."

Mpango wa mgao wa mwaka ulikuwa mezani, haujasainiwa. Ilikuwa kufuta mstari mmoja tu. Akawaza maneno yake ya kikaoni, akawaza watu watakavyonong'ona kwamba takwimu kumbe zina mdogo mtu. Roho ilimuuma, lakini alijipenda zaidi.

"Mwakani," akasema. "Jikazeni, mwandikwe, mwakani nitairudisha." Na akasaini mdogo wake bado yuko pale.

Mwakani haikumwahi mdogo wake. Mimba iliingia baada ya miezi minne, na alikufa kwenye kitanda cha kujifungulia cha zahanati akiwa hajafikishwa hospitali.

Msibani Bi Kalamu alikaa na akina mama, kichwa wazi, kilemba kimemdondokea mabegani. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimtesa kuliko matusi. Muuguzi alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, akiwakobolea mahindi wenzake waliokuwa wakipika, na hakumtazama hata mara moja. Mchana shemeji yake akamjia, uso umevimba kwa kulia, amebeba kichanga kwenye shuka la zahanati.

"Shemeji," akamwambia kwa heshima zote, "nimesikia ni wewe uliyeziondoa zile sindano. Kumbe mke wangu alikuwa akinizunguka miaka yote ile. Bila wewe nisingempata huyu wa kiume. Mungu akulipe."

Akamwekea mtoto mapajani, akaenda kupokea wageni.