Mkorosho Wenye Kadi

Bi Mwanaisha alikuwa na ulimi ambao ungeweza kumenya muhogo. Mimi ndiye nesi niliyepelekwa kijijini kwao, si mbali na Nanyamba, mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Siku ya kwanza tu aliniangalia juu hadi chini, akasema naona serikali imeishiwa watu wanene. Nikampenda palepale.

Yeye hakuhama. Kijiji kipya ndicho kilichomfuata, nyumba zikapangwa mistari mpaka shamba lake la muhogo likamezwa lote. Akabakiwa na kibanda chake na mkorosho mmoja mkubwa mbele ya mlango. Kisha wakaja kupima kiwanja cha zahanati, wakapigilia vigingi, na mkorosho ukaangukia katikati ya kamba. Ukawa ni wa kukatwa.

Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Issa, hakuwa mtu mbaya. Alipenda utaratibu tu, kama wengine wapendavyo ugoro. Bi Mwanaisha aliposimama kuutetea mti wake, akamkatiza.

"Dada, wanaosema hapa ni wanachama. Kadi ya chama unayo?"

"Sina."

"Basi kaa, utusikilize."

Akakaa, ila akamkazia macho Mathayo, bwana shamba wetu, kijana wa Kilimanjaro ambaye msimu mzima alikuwa akila mabibo ya mti ule bila kuomba. Mathayo akaelewa. Akainuka, jasho linamtoka, na kwa kuwa hoja hakuwa nayo, akakimbilia utaalamu.

"Ndugu Mwenyekiti, mti huu si wa kuchezea. Wataalamu dunia nzima wanauita anakadiumu."

Bi Mwanaisha akasimama tena. "Mmesikia wenyewe. Ana kadi. Yumu, yumo chamani. Mimi nitoeni, lakini huyu ni mwanachama."

Watu walicheka hadi wengine wakashikana mabega. Mzee Issa alivua kofia akajifutia nayo machozi. Nadhani angeahirisha kikao tukaenda zetu kula, lakini Mathayo hakuwa mtu wa kuliacha neno likapita bila kulifundisha. Akaeleza kwamba jina hilo limetoka kwa Wagiriki, na kwamba kwao kardia ni moyo. Wapo wasemao maana yake ni kitu mfano wa moyo. Wengine husema ni moyo uliokaa kinyume, kwa kuwa korosho haikai ndani ya bibo kama mbegu za matunda yenye adabu. Inaning'inia nje, chini, peke yake.

"Au siyo, Nesi?" akanigeukia.

Nikasema ni kweli, hata madaktari wanapotaja maradhi ya moyo hulitumia neno hilohilo.

Bi Mwanaisha hakuwa akicheka tena.

"Moyo uliokaa nje," akasema. "Basi huyo Mgiriki alikuwa na mtoto."

Akaendelea taratibu, bila ule ukali wake.

"Mwanangu Mohamedi alivuka Ruvuma na mjomba wake kabla hajaota ndevu. Vita vikawafungia huko. Aliniambia, mama, nikirudi nitakukuta mkoroshoni. Sasa njia aliyopita mmeilima. Majirani aliowajua mmewahamisha. Mkiukata na huu, atauliza wapi?"

Mzee Issa alivaa kofia yake, akatoka, akaenda kung'oa vigingi kwa mikono yake mwenyewe. Zahanati ikajengwa upande wa pili wa njia.

Vita vya ng'ambo vilipokwisha, watu wakaanza kurudi. Vijana wapita njia walikuwa wakipumzika kwenye kivuli kile, na kila mmoja Bi Mwanaisha alimpelekea maji katika kata. Alimtazama akinywa hadi tone la mwisho, bila haraka, ndipo akamuuliza jina. Mohamedi hakuwa miongoni mwao.

Siku moja nilimwambia, "Bibi, si ungewauliza jina kwanza, ukapunguza kujitesa?"

"Nikiuliza kwanza, mwanangu," akanijibu, "nitajua mapema kuwa si yeye."