Miwani ya Kupulizia Pamba

Asubuhi ile, katika kijiji kimoja nyuma ya Lalago, nilimwona mwanamke akimfungia mumewe miwani, na roho ikaniuma. Ilikuwa ile miwani ya plastiki ya kupulizia dawa ya pamba, ambayo kila nyumba inayo na hakuna anayeivaa shambani kwa sababu ya jasho. Mwanamke huyo niliwahi kumwambia anisubiri, nikaenda Mwanza, nikaenda Tunduma, nikaenda kila mahali. Mumewe ni rafiki yangu wa sekondari. Yeye hakwenda popote.

Tulikuwa tunaandamana. Tajiri mmoja alikuwa amejenga ukuta kukata njia ya ng'ombe iendayo lamboni kunywa maji, nasi tulikuwa tumekusanyika mbele ya ukuta huo. Kwa kuwa simu yangu ilikuwa nzuri kuliko zote, nilipewa kazi moja tu: kurekodi ukuta na ng'ombe waliozuiwa, ili baraza la ardhi lione.

"Ngosha, yako hii," mwanamke akaninyooshea miwani nyingine, akiniita kwa Kisukuma kama mwanamume yeyote.

"Mayu," nikamjibu kwa Kisukuma, kama amwitwavyo mama yeyote, "mabomu ya machozi nimeyaona Dar. Hiyo kamvishe ng'ombe."

"Haya, mtu wa Dar!" Akacheka, akarudi kukaza mpira kisogoni kwa mumewe.

Polisi waliporusha bomu la machozi, mtu wa Dar alianguka nalo. Nilifikicha macho kama mtoto.

"Usifikiche! Geukia upepo!" Mwanamke alinimiminia maji ya galoni machoni, kutoka upande wa pua kwenda nje, kama wanavyofanya dawa ikimrukia mtu shambani. Hakunishika zaidi ya ilivyohitajika. Hata hilo nililipima.

Nikiwa bado sioni, nikamsikia askari akisema: "Wewe, futa hiyo video. Au lete simu."

Mkono wangu ulishaanza kuitoa. Rafiki yangu akasema, taratibu, kama anayeuliza bei ya mbuzi: "Afande, ukiichukua tuandikie hati ya kuchukua mali, na jina lako, na mashahidi hawa hapa watie saini. Kufuta hatufuti."

Wazee wakasogea. Askari akaondoka. Nilimwonea wivu hata kwa hilo. Nimezunguka nchi nzima, sikulijua.

Mchana, nyumbani kwao, nilijificha nyuma ya zizi nikaitazama video. Mikono yake kisogoni kwa mumewe. Kicheko chake. Kidole chake kikipangusa kioo cha miwani. Nyuma ya bega lake, pembeni, ng'ombe wamejazana mbele ya ukuta, na ng'ambo yake njia ikishuka hadi lamboni. Hakuna kingine nilichorekodi.

Kidole changu kilikaa mahali pa kufuta. Askari alishindwa, mimi ningeweza, na hakuna ambaye angenidai hati.

Nikaenda nikampa rafiki yangu simu. Aliitazama video yote, akairudisha mwanzo, akaitazama tena.

"Ukuta unaonekana," alisema. Kisha, bila kuniangalia: "Lakini baraza litaona kila kitu, ngosha."

"Lione," nikasema.