Mkaa wa Mifupa Bondeni

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia darasani nikauliza ni nani aliyeichagua digrii ya afya ya umma kwa hiari yake. Mkono mmoja tu uliinuka, na mwenyewe alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Wengine wote walitaka udaktari, alama zikawakatalia, wakajikuta mbele yangu. Kijana mmoja wa nyuma aliniambia waziwazi, "Madam, mimi watu wa nyumbani wanajua nasomea udaktari. Please usiniharibie." Nilicheka siku hiyo. Niliendelea kuuliza swali lile kila mwaka darasa jipya lilipoingia, na kila mwaka nilicheka kidogo kuliko mwaka uliotangulia.

Nyinyi mnaoanza kozi hii sasa, niwaeleze kazi yangu ilikuwa nini. Sikuwa mhadhiri wa kuvaa joho. Nilikuwa msimamizi wa mafunzo ya nyanjani. Wenzangu walifundisha takwimu, magonjwa ya mlipuko na sheria za afya, mimi nikawa wa kuwavalisha wanafunzi gambuti na kuwatoa nje. Daktari humtibu mgonjwa aliyefika mlangoni kwake. Sisi tunahangaika na mtu ambaye bado hajaugua, na ubaya wake ni kwamba hakuna anayekuja kukushukuru kwa kuhara ambako hakukumpata.

Zoezi letu kubwa lilikuwa la mwaka wa tatu, tukiliita utambuzi wa afya ya jamii. Wanafunzi huenda mtaani, nyumba kwa nyumba, na hojaji mkononi, yaani karatasi za maswali. Maji mnateka wapi? Choo kimoja mnatumia watu wangapi? Mara ya mwisho mtoto kuhara ni lini? Wakirudi huandika ripoti, ripoti hupewa alama, na alama ndizo zinazowapeleka mwaka wa nne. Mkuu wa Idara wa kwanza niliyemtumikia, mzee mpole, alitupeleka Lanet, pembeni mwa mji wetu wa Nakuru. Wa pili akatupeleka Kiamunyi, enzi hizo nyumba ndizo zinaanza kujengwa na mbwa ni wengi kuliko watu wa kuhojiwa. Wa tatu alikuwa mtu wa haraka. Alisema mafuta ya basi hayapo, kwa hivyo tutaenda Bondeni, mtaa wa karibu, kwa miguu.

Katika zile nyumba za zamani za baraza la mji, hazikupita siku nyingi watu wakaanza kuniita Mwalimu wa Vyoo. Aliyelianzisha jina hilo ni Mama Saumu, mwanamke aliyekaanga mahamri mlangoni pake. Babu zake walitoka pwani wakaja Nakuru na kazi ya reli, wakabaki. Mwaka wa kwanza alijibu maswali yetu yote. Mwaka wa pili alijibu huku anageuza mahamri. Mwaka wa tatu aliziweka karatasi kando.

"Mwalimu, watoto wako wananiuliza kila mwaka naenda choo gani. Choo ni kile kile. Nipe hizo karatasi nijaze mwenyewe, wao wakae wanywe chai."

"Basi leo uliza wewe," nikamwambia.

Akamwita binti yake Saumu, ambaye alikuwa na mimba kubwa ya kwanza, akamwambia afungue mdomo. Saumu alikataa, kisha akafungua kwa aibu. Meno yake yalikuwa na rangi ya kahawia, yenye mabaka.

"Huyu nimemlea na maji ya kuchemsha, kila siku, vile nyinyi watu wa afya mnasema. Picha za harusi yake zote amefunga mdomo. Sasa niambie, na yule aliye tumboni?"

Mtu wa Nakuru anayajua meno hayo. Ukifika Nairobi ukacheka tu, unaulizwa kama umetoka kwetu. Yanaletwa na floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya Bonde la Ufa na kuingia katika maji ya visima virefu. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, maana maji hupungua kwa mvuke na madini yanabaki sufuriani. Jambo la pili ndilo muhimu. Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya taya katika miaka ya kwanza ya mtoto, kabla hajaenda shule. Yakishatoka yakiwa na mabaka, hakuna maji yatakayoyasafisha. Kwa Saumu muda ulikuwa umepita. Kwa mtoto aliye tumboni ulikuwa haujaanza, na hilo nililieleza pale pale mlangoni.

Mmoja wa wanafunzi wangu siku hiyo alikuwa Chepkoech, msichana wa upande wa Rongai ya huku kwetu Nakuru, mwenye meno kama ya Saumu. Alikuwa na mazoea ya kuzungumza akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Njiani kurudi chuoni alinishika mkono. "Mwalimu, hii ndiyo project yangu. Hiyo ya vyoo wapee wengine."

Dawa ya floraidi inajulikana. Unachukua mifupa ya ng'ombe, unaichoma ndani ya tanuri lisilopitisha hewa nyingi mpaka iwe mkaa, unaiponda iwe chembe kama mchele, unaiosha, unaijaza kwenye mtungi. Maji yakipita humo, floraidi inanaswa. Chepkoech na wenzake wakaitisha mkutano katika uwanja wa ploti ya Mama Saumu, wakalieleza hilo kwa michoro mizuri. Mimi nilisimama nyuma nikijivuna kama mama wa bibi harusi.

Mama Saumu akainua mkono. "Mifupa ya mnyama gani?"

"Ng'ombe," Chepkoech akajibu.

"Ng'ombe aliyechinjwa na nani?"

Nilitazama viatu vyangu. Tulikuwa tumepanga kuagiza mkaa uliokwisha tayarishwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua mifupa yake ilitoka wapi.

"Na mna hakika hakuna wa nguruwe?" akauliza mzee mmoja.

"Ama punda!" akadakia mwingine, na watu wakacheka. Lakini Mama Saumu hakucheka. "Hayo ni maji ya kunywa," alisema, "na ndiyo hayo tunatawadhia. Siwezi kumpa mtoto kitu sijui."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Chepkoech ndiye aliyesema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akizungumza bila kuziba mdomo. "Mama, kwani bucha za hapa Bondeni mifupa hupeleka wapi?"

Wazee walikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wa karibu, naye akawaambia kwamba mifupa ya mnyama aliyechinjwa kihalali haina neno. Kuanzia hapo mifupa ilitoka kwa wachinjaji wa mtaa wenyewe. Wanafunzi wangu wa digrii waliisukuma kwa mkokoteni hadi Lanet, mbwa wakiwafuata nyuma, wakaichoma katika tanuri la jamaa mmoja mtengeneza matofali. Harufu iliwakaa kwenye nywele wiki nzima. Walilalamika sana, na sijawahi kuona darasa lenye furaha kama lile.

Mkuu wa Idara hakufurahi. "Madam, hii haiko kwenye course outline. Wafanye survey, waandike report, wapate grade."

"Wamefanya survey, daktari. Watu ndio wamewapa grade."

Alinitazama juu ya miwani, akaachilia. Chepkoech alipita. Saumu akajifungua msichana, akaitwa Nasra, na maji ya kumchanganyia uji yalitoka kwenye mtungi wetu, tuliousimamisha pale uwanjani.

Sasa nifikie sehemu inayonichosha. Mkaa wa mifupa huchoka. Baada ya miezi kadhaa umeshiba floraidi na haunasi tena, lazima ubadilishwe. Ukiutazama, mtungi ni ule ule, maji ni meupe yale yale, na kwa ulimi huwezi kujua. Unahitaji kipimo, na kipimo kilikuwa cha maabara ya chuo. Kwa miaka minne hivi haikuwa shida, kwa kuwa kila darasa jipya la mwaka wa tatu lilikuja kupima na kubadilisha mkaa. Kisha akaja Mkuu wa Idara wa nne. Watahini kutoka nje walikuwa wamemwambia kwamba ripoti zetu za Bondeni zinafanana.

"Tunahama," aliniambia. "Students wanahitaji exposure mpya."

"Na mtungi?"

"Mwalimu, sisi ni chuo. Sisi si kampuni ya maji."

Niliandika barua, nikaomba kikao, nikazungusha maneno hayo ofisi kwa ofisi. Kila mtu alinipa pole na chai. Kipimo kikarudi kabatini. Nilimweleza Mama Saumu kwamba mkaa utachoka, kwamba asiuamini tena ule mtungi. Akaniuliza atumie maji gani basi, nami nikamwambia ya mvua, kama anaweza kuyakinga. Miaka michache baadaye nikafikia umri wa kustaafu, nikakatiwa keki.

Chepkoech hunipigia simu. Ana digrii nzuri na anauza bima, kwa sababu nafasi za kuajiriwa hazitoshi. "Mwalimu, umesikia kama wanaajiri?" Sijasikia. Mkiniuliza leo kama mfanye kozi hii, nitasema fanyeni, dunia inawahitaji. Ila mjue kwamba kazi yenyewe ina umri mrefu kuliko digrii. Miaka minne mnamaliza na kupigwa picha na joho, na jino la ukubwani la mtoto mliyemkuta tumboni bado halijatoka.

Tangu nistaafu sikuwa nimerudi Bondeni. Mwezi uliopita Mama Saumu alinipigia. "Mwalimu wa Vyoo, njoo uone."

Nilimkuta mlangoni, amezeeka kama mimi. Akamwita Nasra, msichana mrefu sasa, akamwambia anichekee. Alicheka bila woga, na meno yake ya mbele yalikuwa meupe, safi, yote. Hakuna ripoti iliyowahi kunipa furaha kama ile.

"Huyu ni wa mtungi," Mama Saumu alisema. Kisha akamvuta mjukuu wa pili, Yusuf, aliyezaliwa baada ya sisi kuhama. Meno yake ya mbele ya ukubwani ndiyo kwanza yametoka, mapya kabisa, na yalikuwa ya kahawia. "Na huyu ni wa baada."

Mama mmoja, nyumba moja, kisima kimoja. Hakusema kwa hasira, na heri angesema kwa hasira. Saumu akatoka ndani na mtoto mchanga, bibi yake akampokea na kuniwekea mapajani.

"Huyu bado hana hata jino moja, Mwalimu," akasema. "Naye atakunywa maji gani?"

Mtoto akakishika kidole changu, akakitia mdomoni, akaanza kukitafuna kwa ufizi mtupu.