Kidonge Kilichofika Kiunoni

Bi Futi hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na wateja wake kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni, hata akienda sokoni, hata akiwa msibani. Alikuwa fundi wa nguo za kike, chumba chake cha kazi kikitazama barabara, na mbali na mkono mwepesi alisifika kwa maswali. Ukimpelekea kitambaa, kabla hajakikata atataka kujua kimefumwa kwa uzi gani, kikilowa kinarudi kiasi gani, na ni nani aliyekudanganya kwamba hiyo ni pamba.

Basi ugonjwa ulipompata, ulimkuta na maswali yake. Kwa wiki kadhaa alisikia sauti ya mwanamume asiyemjua ikimwambia kwamba vitambaa vya wateja vimetiwa sumu, na asubuhi moja akachukua sare thelathini za shule akazikatakata zikawa tepe. Dada yake mkubwa, aliyeishi naye na kumsaidia kushona vifungo, alimshika mkono akampeleka hospitali. Huko wakampa kidonge kimoja cheupe cha kumeza kila jioni. Wiki ya pili ile sauti ikafifia kama redio ya jirani. Wiki ya sita redio ikazimwa.

"Kidogo kuliko kifungo cha shati," alimwambia dada yake, akikigeuzageuza kiganjani. "Sasa kimejuaje njia ya kwenda kichwani?"

"Meza kwanza. Utakiuliza kikishafika."

Kidonge kilifika kichwani, lakini hakikuishia huko. Njaa ilimvaa, njaa isiyo na simile: anamaliza sahani, anakaa dakika kumi, anaisogelea sufuria. Usingizi nao ulimng'ang'ania mpaka saa nne asubuhi. Mtu mwingine angesema amenenepa, yakaisha. Bi Futi alijipima. Kila Jumamosi alijizungushia futi na kuandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la vipimo vya wateja, na katika miezi saba kiuno kilitoka inchi thelathini na mbili kikafika thelathini na tisa. Gauni lake la kijani alilifumua na kuliachia mara tatu, mpaka kitambaa cha akiba ndani ya mshono kikaisha.

Akavuka barabara hadi duka la dawa, kwa mfamasia mmoja mpole asiyejua kumfukuza mtu.

"Chembe za ubongo hutumiana habari," mfamasia alimweleza. "Kila chembe ina milango ya kuzipokea. Kwako habari za aina moja zilikuwa zinaingia kwa fujo. Dawa inakaa mlangoni, zinapungua."

"Na tumbo limeingiaje hapo?"

"Kuna milango mingine, ya njaa, ya usingizi. Dawa inakaa na huko. Haichagui sana."

"Kumbe imeingia na mahali ambapo haikualikwa!"

"Ndivyo. Mwambie daktari wako, mama. Usifanye lolote peke yako."

Habari ya milango ilimfurahisha, akaicheka njia nzima. Ule ushauri wa mwisho uliingia sikio la kulia ukatokea la kushoto.

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Kwa fundi wa nguo, kitu kikizidi hakitupwi. Kinapunguzwa kidogo kidogo huku mteja akijaribu, hadi kimkae. Bi Futi akakata shauri kukipunguza kidonge. Kwa wembe wake wa kufumulia alikigawa nusu, na baada ya wiki tatu akakigawa robo. Dada yake hakuambiwa. Kwenye ukurasa ule akaongeza safu ya pili, dawa upande huu, kiuno upande ule, kama mtafiti aliyeajiriwa. Thelathini na nane. Thelathini na saba na nusu. Akawa anaamka alfajiri, mwepesi, anaimba. Tutakuwa waongo tukisema hakufurahi.

Wiki ya sita alikuja mwalimu mkuu, yule yule wa shule yenye sare thelathini. Mama yule alikuwa amesamehe, na sasa alileta kitambaa chake mwenyewe, cha gauni la kustaafia. Bi Futi alijua kwamba hii ndiyo nafasi yake. Akiiharibu, hakuna mteja atakayemwachia tena hata leso.

Alimpima, akaandika, wakaagana. Mchana akatandaza kitambaa mezani, akachora kwa chaki kwa kufuata daftari, akashika mkasi. Kisha akarudi nyuma kutazama. Hakuna binadamu mwenye umbo lile. Akafungua daftari: kiuno sabini na moja, mkono tisa. Mwandiko ni wake, safi kabisa. Ndipo akakumbuka kwamba wakati anapima aliona namba moja kwenye futi, lakini mwanamume akamtajia nyingine, kwa upole, na yeye akaandika ile aliyotajiwa. Na chumbani walikuwa wawili tu, yeye na mwalimu.

Kitu fulani ndani yake kilikuwa kinamwambia akate tu. Akauweka mkasi mezani, na kwa maoni yangu hakuwahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

"Dada! Njoo uchukue huu mkasi. Nimekuwa nikipunguza dawa."

Dada alikuja mbio, sindano bado mkononi. Hakufoka.

"Tangu lini, mdogo wangu?"

"Wiki sita. Nimeandika yote."

Daktari aliusoma ukurasa ule mara mbili. Alimkaripia, ndiyo, lakini kwa ufupi.

"Ungeniletea hii kiuno kilipofika thelathini na nne, tusingefika hapa. Dawa ziko nyingi. Hii inapenda milango ya njaa kuliko nyingine."

Akapimwa sukari na mafuta kwenye damu. Akarudishwa kwenye kidonge kizima mpaka sauti ikanyamaza, kisha taratibu dawa ile ikashushwa huku nyingine ikipandishwa. Hiyo mpya nayo ilikuja na yake: miguu ikakataa kutulia. Dada alisema angalau cherehani imepata dereva. Safari hii Bi Futi hakungoja, alimwambia daktari wiki ile ile, dozi ikapunguzwa, miguu ikatulia. Kiuno kilishuka hadi thelathini na saba kikagoma hapo, naye akanung'unika sana.

Mwalimu mkuu aliambiwa ukweli wote. Akasema kitambaa kinaweza kusubiri, na kweli kikasubiri miezi mitatu. Siku aliporudi kupimwa upya, Bi Futi alimzungushia futi kiunoni, akatazama, akainua kalamu, asiandike.

"Mbona kimya?"

"Nasikiliza, Mwalimu."

Mwalimu akabana pumzi ili asimharibie. Barabarani pikipiki ilipita. Dada alikohoa chumba cha pili. Bi Futi alingoja mpaka akawa na hakika kwamba hakuna mtu mwingine anayemtajia namba, na machozi ya furaha yakamtoka, akayaacha.

"Thelathini na sita," alisema kwa sauti, akaandika. "Haya, inua mkono."