Mkono Ulioshika Boya

Mjukuu wangu wa Gatongora akisikia nimeanza kisa hiki, huinuka akaenda kuongeza sauti ya redio. Haya, aongeze. Mimi nilikuwepo, na kilichotokea kilitokea jikoni, taa ya stima ikiwaka, si gizani ambako mtu anaweza kuona kichaka akasema ni fisi. Pombe sijawahi kuonja, na siku ile sikuwa na homa. Sikiliza kwanza, kisha ukitaka kubisha, bisha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, wazungu walipomwogopa kila Mkikuyu, kwenye shamba moja la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Nyinyi mnaopita huko siku hizi mnaona magorofa na maduka ya simu. Sisi tuliona kahawa tu, mistari na mistari, na ikitoa maua baada ya mvua shamba lote lilinukia mpaka unasahau kwamba si lako. Naikumbuka harufu ile nikiwa nimekaa tu hapa, na moyo unaniuma. Si kwamba maisha yalikuwa mazuri. Yalikuwa magumu kweli, lakini nilikuwa msichana na Tata wangu alikuwa hai.

Tata Wangeci alikuwa dada ya baba yangu, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo katika nyumba ya mzungu mwenye shamba. Mikono yake ilikuwa safi na mdomo wake mkali. Alikuwa akijaza sinki maji ya moto, anatumbukiza mkono, na kama maji hayajafika kiwikoni hagusi sahani hata moja. "Sahani inaoshwa kwa maji, haioshwi kwa mate," aliniambia kila nilipojaribu kufanya uvivu. Alikufa kwa kichomi msimu wa baridi, tukamzika karibu na mto, nami nikarithi aproni yake na kazi yake.

Basi serikali ikaweka kafyu. Jua likizama, sisi wafanyakazi Wakikuyu tulitakiwa tuwe kwenye laini, yaani safu za vibanda vyetu, na wazungu wakajifungia ndani. Sasa vyombo vya chakula cha jioni aoshe nani? Mikono ya memsabu, mke wa mzungu, haikuzoea kazi hiyo. Ndipo ikaletwa mashine ya kuoshea vyombo, nyeupe, kubwa, ya kufunguliwa kwa juu kama sanduku la nguo. Tuliizunguka tukacheka sana. Mashine ya kuosha vijiko!

Kuifunga alipewa Njoroge, mume wangu, ambaye alikuwa fundi wa mashine za kahawa palepale shambani. Tulikuwa hatujakaa sana tangu tuoane. Alinionyesha kwamba ndani mna boya, mpira mdogo wa shaba kwenye mkono wa waya. Maji yakipanda, boya linapanda nayo. Yakifika kwenye alama, boya linagusa swichi na maji yanajifunga. Ni hivyo tu, wala si uchawi.

Mchana ilifanya kazi vizuri. Jioni, sisi tukishaondoka na memsabu akaiwasha mwenyewe, maji yakapita alama yakamwagika mpaka kwenye zulia la chumba cha kulia. Asubuhi Njoroge akaifungua. Alilitikisa boya sikioni asikie kama limetoboka likaingia maji, akalikuta kavu. Akaangalia kama mkono wa waya umekwama kwa magadi ya maji, akaukuta laini. Akasugua swichi, akabadilisha nyaya, akajaza maji mbele ya memsabu, yakasimama kwenye alama. Jioni, mafuriko tena. Jioni iliyofuata, vilevile.

Kwa mtu anayetaka kukushuku, hilo lilitosha. Mashine ni nzima Mkikuyu akiwa karibu, akiondoka tu inaharibika. Si lazima kuna kitu amekitega? Siku zile hakuna aliyengoja ushahidi. Watu walipakiwa kwenye lori kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na wengine mpaka leo hatujui walizikwa wapi.

"Wewe nataka haribu nyumba yangu," bwana akamwambia kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Leo jioni wewe bakia hapa, tengeneza mbele yangu. Kama maji iko mwagika, kesho polisi nakuja chukua wewe."

Nikaomba nibaki naye nipange sahani. Memsabu akaitikia kwa kichwa bila kunitazama.

Jioni hiyo walikula mlango wa jikoni ukiwa wazi, bastola ya bwana iko mezani kando ya chumvi, ndivyo ilivyokuwa kawaida yao miaka hiyo. Tukapanga sahani, Njoroge akafungulia maji, mfuniko tukauacha wazi ili tuone. Maji yakapanda. Yakafika kwenye alama, yakapita.

"Boya halipandi," Njoroge akasema. "Wacha nikafunge mfereji wa nje." Akatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Nikainama nitazame ndani. Niamini, ndugu yangu, niliona mkono. Mkono wa mtu, una povu, umelishika boya na kulizamisha chini ya maji. Nikaufuata kwa macho kutoka kiganjani hadi begani, na pale juu ya bega nikakuta uso wa Tata Wangeci. Alikuwa amesimama upande wa pili wa mashine, amejifunga kitambaa chake kichwani, ananitazama kwa hasira.

Wewe ungefanya nini? Wengi huniambia wangepiga mayowe. Mimi nilitaka kumkumbatia. Nilikuwa na hamu naye kiasi kwamba woga haukupata mahali pa kukaa.

"Kairitu," akaniita, yaani kasichana, vilevile alivyoniita tangu utotoni, "ni nani amekufundisha kuosha vyombo kwa maji ya kunawa uso?"

"Tata, hii ni mashine. Haitaki maji mengi, inayarusha yenyewe."

"Hayajafika kiwikoni."

Ngai wangu! Ndipo nikaelewa. Kila jioni, saa yake ileile ya vyombo vya chakula cha jioni, Tata alikuwa anakuja kazini. Hakuna aliyemwambia aache. Akifika anakuta maji kiduchu, na yeye hakuwa mtu wa kulipua kazi.

Maji yalikuwa yamebakiza upana wa kidole kufika ukingoni.

"Tata, achilia. Yakimwagika watamchukua Njoroge."

"Njoroge yupi?"

"Mume wangu."

Uso wake ukafunguka. Hakuwa na habari! Alikuwa ameniacha msichana.

"Umeolewa?" akauliza. "Na anajua kucheka?"

"Anajua, Tata. Lakini wiki hii hajacheka."

Akalitazama boya mkononi mwake. "Nikiachilia, nani ataosha?"

"Mashine."

"Na mimi nitafanya nini?"

Chumbani nilisikia kiti kikisukumwa nyuma, bwana anainuka. Sikuwa na muda wa kuchagua maneno.

"Pumzika, Tata," nikasema. "Kazi imekwisha."

Akaachilia. Boya likaruka juu, swichi ikalia, maji yakasimama. Tata akafuta mikono kwenye gauni lake, polepole, kidole kwa kidole, akaelekea mlango wa nyuma. Njoroge alikuwa anaingia, akilalamika kwamba mfereji wa nje umeshika kutu, na wakapishana pale mlangoni. Tata alisimama kidogo akamtazama usoni vizuri, kisha akatoka. Njoroge hakuona mtu. Alisema tu kwamba pananukia sabuni.

Bwana akaja akakuta maji yametulia na sakafu ni kavu. Njoroge akayamwaga, akajaza upya, yakasimama kwenye alama. Akajaza tena, yakasimama.

"Nini ilikuwa mbaya?" bwana akauliza.

"Boya lilikuwa limeshikwa, bwana," nikajibu mimi. Akaridhika.

Mashine ile haikusumbua tena mpaka wenyewe walipouza shamba wakarudi kwao. Mimi haikupita muda nikaondolewa jikoni, nikapelekwa kuchuma kahawa, na sikujali hata kidogo. Njoroge hakupandishwa lori. Tulizeeka pamoja, tukazaa, tukanunua kashamba Gatuanyaga, na alicheka mpaka meno yakamwisha. Hayo yote nilipewa na Tata jioni ile, na namshukuru.

Lakini binamu zangu humwota. Huwajia akawakaripia kwa sababu ya nyumba chafu na watoto wasiopigwa mswaki, nao huamka wanacheka huku wanalia. Mimi, ambaye alinilea, hajanijia hata ndotoni. Nilipojifungua mtoto wa kwanza nilimngoja. Nilipomzika Njoroge nilimngoja sana. Nimemwita kwa jina nikiwa peke yangu jikoni, nikabembeleza, nikatukana hata. Haji. Nilimwambia kazi imekwisha, na Tata hakuwa mtu wa kukaa mahali ambapo hana kazi.

Kwa hiyo wewe, kama kuna mtu wako aliyetangulia na bado anakusumbua, anafungua milango na kuhamisha vijiko, usikimbilie kumwita mhubiri aje akemee. Gombana naye ukitaka. Mwambie apunguze kelele, mwambie asubiri kidogo. Ila usimwambie apumzike mpaka uwe tayari kuishi bila yeye, kwa sababu wafu wana adabu kutushinda sisi. Ukiwaambia mara moja, wanasikia.