Mahali pa Kukata Rufaa

Siku ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, ni ile niliyotoka mahakamani Kisii hakimu akiwa bado anasoma. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mtumishi wa umma, mtunza josho la ng'ombe upande wa Nyamira. Mkuu mpya alikuwa amehamishia siku ya kuogesha ng'ombe Jumamosi. Mimi Msabato nikakataa, nikaandika barua kuomba nifanye Jumapili. Sikujibiwa. Wiki ya tatu nikaletewa karatasi kwamba nimetoroka kazi, basi nimefutwa. Nikashtaki.

Hakimu alisoma hukumu kwa Kiingereza, mkalimani akimfuata polepole. Niliposikia tu kwamba kesi imetupwa, kabla hata sababu hazijasomwa, nikavaa kofia yangu mle mle ndani nikatoka. Askari alinifokea, sikugeuka. Hasira hasara, lakini nani angeniambia? Kijana mwenye haki ni mgumu kuliko kijana mwenye kosa.

Nilikuwa na siku thelathini za kukata rufaa. Unajua nilizifanyia nini? Nilizunguka, mwanangu. Nilikwenda hadi Ogembo nikikusanya wazee watakaomwambia jaji kwamba mimi ni mtu mwema. Kwetu, shauri la ukoo lilikuwa hivyo: mwenye watu wengi wa kumsemea alirudi nyumbani akicheka. Nikadhani mahakama kuu ni ukoo, ila mkubwa zaidi. Na nyumba niliyokaa na mke wangu ilikuwa ya kazi ile ile, nayo ingetutoka.

Siku ya ishirini na mbili nikafika kwa mzee Mokaya, mzee wa kanisa letu aliyestaafu ukalimani wa mahakama. Nilimkuta akikata majani makavu ya migomba. Nikamweleza yote, nikaongeza na Maandiko. Akaniuliza swali moja.

"Hukumu umeisoma?"

"Ya nini kuisoma, tata, baba yangu? Si nilishindwa?"

Akaweka panga chini. "Wewe Ombati, unataka kukata usichokiona? Rufaa si mahubiri, wala si kuhesabu wazee. Rufaa hukatwa, na mkataji hutafuta kwanza mahali pa kutia panga. Ukipakosa, utakata tamaa tu. Halafu eti ulitoka na kofia kichwani! Ningekuwa mimi hakimu, ungelala ndani."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kesho yake tukaenda Kisii pamoja kuomba nakala ya hukumu. Karani akatuambia tusubiri siku tatu, tukasubiri. Mzee akanisomea neno kwa neno, akitafsiri kama zamani. Ukurasa wa nne, hakimu mwenyewe alikuwa ameandika kwamba mkuu wangu alikiri hakuniita kujieleza, wala hakuijibu barua yangu. Kisha akalipita jambo hilo kana kwamba si kitu. Maneno hayo yalisomwa mimi nikiwa nje, napanda kilima na hasira zangu.

"Hapa ndipo," akasema mzee, akigonga karatasi kwa kidole.

Rufaa iliingia siku ya ishirini na tisa, bila aya hata moja ya Biblia. Ilipofika siku ya uamuzi kule Kisumu, nilikaa na kofia mapajani hadi jaji alipoinuka. Alisema mtu hafutwi kazi bila kusikilizwa, akaamuru nirudishwe. Nilifurahi, sikufichi, nililia. Lakini njiani kurudi nilijicheka: nilishinda kwa sababu sikusikilizwa, na nusura nishindwe kwa sababu mimi mwenyewe sikusikiliza.

Basi mwanangu, siku utakayoshindwa, usiondoke mapema. Kaa, vua kofia, sikiliza hadi neno la mwisho, kisha uisome hukumu yako mara mbili. Aliyekukosea huenda amekuachia humo humo mahali pa kutia panga, na siku zako zinahesabiwa. Mungu akupe haki, akupe na masikio ya kuisikia inapopita. Nenda na amani.