Ukucha Kwenye Propela

Mimi huanza na ukucha. Macho hayaaminiki, hasa kwa jua la Garsen linalong'arisha kila kitu kikaonekana kipya. Naipakata droni mapajani, nashika propela moja moja, napitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni, polepole, kutoka shinani hadi nchani. Ukucha ukikwama, hapo pana kidonda. Kisha naikunja propela kidogo nione kama utajitokeza mstari mweupe, halafu naizungusha kwa kidole nitazame kama inayumba. Zote nne, kila mara, hata kama nimetua sasa hivi. Na anayeona namchelewesha, atafute droni yake.

Malindi, nilikopelekwa kwa mafunzo na kikundi chetu cha kujitolea kusaidia wakati wa mafuriko, mwalimu alituambia tukague. Alisema, tukaandika. Lakini aliyenifundisha kukagua ni mama, ambaye hajawahi kushika droni maisha yake yote. Kila alfajiri kabla ya kukamua alikipapasa kibuyu chake cha maziwa, ndani na nje, akitafuta ufa. Siku moja nilimharakisha maana ng'ombe alikuwa amechoka kusimama, anarusha mateke. Mama alinitazama tu, akaendelea kupapasa.

Basi mwaka ule mto ukafurika, maji yakameza malisho yote upande wa Kilelengwani. Kaka yangu mkubwa alikuwa huko na ng'ombe wetu. Siku ya tatu simu yake haipatikani. Tulikuwa tumesimama kwenye tuta la barabara, nje kidogo ya Garsen, maji yakitufikia karibu na viatu. Boti ilikuwepo, na mwenyewe alikuwa tayari kwenda, ila petroli aliyokuwa nayo ilitosha safari moja tu. Akienda kulia na kaka yuko kushoto, basi. Kazi yangu ilikuwa kumwonyesha upande.

Baba alikuwa hapo, pamoja na wanaume kama kumi. "Kirushe hicho kidude," akaniambia.

"Nakagua, Baba."

"Unakagua nini? Si kiliruka jana?"

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka, mdomo wake haujui kupumzika. Akaangua kicheko: "Ajabu ya Mungu! Kaka yuko majini, dada anajitengeneza kucha!"

Wakacheka. Wallahi, niliwaka. Nilitaka kumjibu kwa maneno ambayo mwanamke hatarajiwi kuyasema mbele ya baba yake. Badala yake nikaendelea. Propela ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, ukucha ukakwama.

Nikaikunja. Mstari mweupe huo, mwembamba, karibu na shina. Na nilijua umetoka wapi. Jana yake, nikitua, upepo ulinisukuma kwenye tawi la mti wa mathenge, nikasikia miiba ikikwaruza. Nilikuwa nimechoka na nimeona aibu, nikaipangusa droni, nikaitia begini, sikumwambia mtu. Kosa langu, nalisema wazi. Lakini hilo si ndilo linalofanya mtu akague?

"Ina ufa," nikasema. "Sirushi mpaka nibadilishe."

"Iache hivyo hivyo," Baba akasema. "Mungu atailinda."

"Mungu ndiye aliyenipa ukucha huu, Baba."

Akanyoosha mkono achukue rimoti. Nikaikumbatia kifuani. Sikuwahi kumkatalia baba jambo, achilia mbali mbele ya watu. Nikamwambia, "Hii ikianguka majini hatuna nyingine, na njia ya Malindi imekatika. Ni kaka yangu pia. Sirushi!"

Nilikuwa na propela mbili za akiba. Hazifanani: moja ni ya kuzunguka upande huu, nyingine upande ule, na ukikosea droni inapinduka hata kabla haijaondoka chini. Nikachagua ile yenye alama ya kijivu, sawa na iliyopata ufa. Skurubu ikaniponyoka, ikadumbukia kwenye tope. Nikaitafuta kwa vidole, nikapiga magoti, buibui lote tope. Mwenye duka akawa anasonya kila nikigusa chini. Nikaipata, nikaifuta, nikafunga. Nikapapasa tena zote nne, na hiyo mpya pia, nao wanione vizuri.

"Bismillahi," nikairusha.

Kwenye skrini maji ya rangi ya chai, vilele vya mathenge, bati la nyumba moja. Nikaenda kulia, hakuna kitu. Nikageuza kushoto. Betri ikiwa imeshuka kuliko nipendavyo, nikaona mwinuko mdogo, ng'ombe wamebanana juu yake, na mtu anapunga shuka. Baba akainama kwenye skrini. Hakumtambua mwanawe. Alimtambua ng'ombe. "Yule mwekundu wa pembe iliyopinda ni wetu!" akapiga kelele. Boti ikaenda kushoto.

Alasiri kaka alikuwa ameketi kwetu, amefunikwa blanketi, anakunywa chai kwa mikono miwili. Watu wakaja kumpa pole. Mwenye duka naye akaja, na mdomo wake.

"Alhamdulillahi," akasema. "Lakini kingeruka tu hata na ile ya zamani. Huyu binti alitusumbua bure."

Nikasikia wengine wakiguna kukubali. Hapo sikunyamaza. Nilikuwa nayo ile propela yenye ufa mfukoni. Nikaitoa, nikaiweka kwenye kiganja cha Baba.

"Ikunje, Baba. Kidogo tu, kama nilivyoikunja mimi."

Akaishika kwa vidole viwili. Hakutia nguvu, niliona. Ikakatika pale pale kwenye mstari, kipande kikaruka kikaangukia miguuni pa kaka yangu. Baba akabaki na kile kingine mkononi, hajui akiweke wapi. Mwenye duka akakumbuka ameacha duka wazi.

Kaka akaweka kikombe chini, akakiokota kipande, akakigeuza geuza.

"Hii ndiyo ilikuwa ije kunitafuta?" akauliza.

"Ndiyo walitaka ije," nikamwambia. "Nilikataa."